Kipindupindu Kama Somo: Bakteria, Jeni na Maji ya Mwili

Mwanachama wa Maguu au wa Litembo aliyepata kuvundika kahawa tangini amekwisha kufuga bakteria, ingawa huenda hakuna mtu aliyemtajia jina hilo. Kahawa inapomenywa, punje hutoka zikiwa zimevikwa utelezi ambao maji peke yake hayauondoi. Zikilazwa tangini usiku kucha, au hata siku ya pili pale penye baridi kali, utelezi hulegea na kuosheka. Kazi hiyo hufanywa na viumbe wadogo mno, yaani bakteria na hamira, ambao walikuja na maganda ya matunda yenyewe. Viumbe hao hula utamu uliomo katika utelezi, na uchachu unaosikika puani asubuhi ni mabaki ya mlo wao. Kadhalika mama anayetia kimea katika uji ili apate togwa huwaachia bakteria chungu chake hadi kesho yake. Wala togwa si kinywaji cha kudharauliwa. Mwaka 1994 Dakta Wilbald Lorri, mtaalamu wa lishe wa Tanzania, pamoja na mwenzake Ulf Svanberg, walichapisha utafiti uliofanyika nchini ukionyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa kwa namna hiyo walipatwa na kuhara mara chache kuliko wenzao. Uchachu wa bakteria wema huwaua au kuwadumaza wale waovu.

Yafaa jambo hilo litangulie, kwa sababu watu wengi wakisikia neno bakteria hufikiri maradhi peke yake. Walio wengi hawana madhara kwa binadamu, na baadhi yao mkulima hawezi kuishi bila wao. Lakini somo hili lahusu bakteria mmoja mwovu, ambaye kwa tabia zake anaweza kumfundisha mwanachama mambo matatu makubwa ya elimu ya viumbe kwa mara moja: bakteria ni nini, jeni ni nini, na maji yaliyomo mwilini yana kazi gani. Huyo ni bakteria wa kipindupindu.

Wakazi wa ufuko kuanzia Lituhi, kupitia Liuli, hadi Mbamba Bay hawahitaji kuelezwa kwa nini habari zake zinawahusu. Maji ya kunywa, ya kuoga, ya kufulia na ya kuoshea samaki mara nyingi ni yale yale ya ziwa. Ng'ambo ya pili, nchini Malawi, ugonjwa ulioanza Machi 2022 uliendelea hadi mwaka 2023 na kuwapata watu zaidi ya 58,000. Waliokufa walizidi 1,700. Haijapata kutokea kipindupindu kikubwa kama hicho katika historia ya nchi hiyo. Nao wakazi wa milimani wasidhani kwamba baridi ya Umatengo itawakinga. Wafanyabiashara wa usipa hupanda Mbinga, na mahindi, maharage na fedha za kahawa huteremka ziwani. Watu walio wengi walioingiwa na bakteria huyu hawaugui kabisa, au huharisha kidogo tu, lakini humtoa katika choo chao kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mtu mzima wa afya aweza kumbeba kutoka gati hadi gulioni bila yeye mwenyewe kujua.

BAKTERIA HUTAMBULIWAJE

Bakteria ni kiumbe hai chenye seli moja tu. Mwili wa binadamu una seli nyingi sana zilizogawana kazi, nyingine za damu, nyingine za mifupa, nyingine za utumbo. Bakteria anayo moja, na kwa hiyo moja hula, hukua na kuzaa. Yule wa kipindupindu ana urefu wa kiasi cha sehemu mbili za milimita iliyogawanywa mara elfu. Wakipangwa mkia kwa kichwa, mia tano hivi wataenea katika milimita moja. Ndiyo maana weupe wa maji ya Ziwa Nyasa, ambayo mtu huweza kuona mawe ya chini akiwa mtumbwini, si ushahidi wa usafi wake.

Huzaa kwa kujigawa katikati. Akipata joto na chakula cha kutosha aweza kujigawa kila baada ya dakika 20 au 30. Msomaji anayependa hesabu na achukue bakteria mmoja anayejigawa kila dakika 20: baada ya saa moja watakuwa wanane, na baada ya saa kumi watapita bilioni moja. Ni kweli kwamba chakula huisha na uchafu wao wenyewe huwazuia kabla ya kufika mbali zaidi, lakini hesabu hiyo yatosha kueleza kwa nini wali uliopikwa jana na kuachwa wazi si wali ule ule leo.

Mtaliano Filippo Pacini alimwona bakteria huyu kwa hadubini mwaka 1854, mjini Florence, akaandika habari zake, lakini wakubwa wa elimu ya tiba hawakumsikiliza. Mwaka huo huo daktari John Snow wa London alionyesha, kwa kuhesabu vifo nyumba kwa nyumba, kwamba ugonjwa ulikuwa ukitoka katika bomba moja la maji. Miaka thelathini hivi ilipita kabla Mjerumani Robert Koch hajamtenga bakteria mwenyewe, baada ya uchunguzi alioufanya Misri na India mwaka 1883 na 1884. Aina iliyoenea Afrika kuanzia mwaka 1970 huitwa El Tor, kwa jina la kituo cha karantini cha Sinai ambako iligunduliwa mwaka 1905 kwa mahujaji. Tanzania iliandika wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1974.

Kumtambua leo katika maabara si kazi ya siri. Mpimaji huchukua choo cha mgonjwa, hukipaka katika chakula maalumu chenye sukari ya miwa na chumvi nyingi zinazowazuia bakteria wengine, kisha hukiweka penye joto usiku mmoja. Asubuhi, kama bakteria yumo, huonekana madoa ya manjano, maana ameila sukari na kutoa uchachu uliobadili rangi ya chakula. Chini ya hadubini huonekana kama kijiti kilichopinda mfano wa alama ya mkato, chenye mkia mmoja, kikikimbia huku na huko. Halafu hutiwa dawa ya kutambulisha. Wakigandamana pamoja, ndio wenyewe. Hatua hii ya mwisho haiachwi, kwa sababu ndugu za bakteria huyu wanaoishi katika maji wana aina zaidi ya 200, na ni aina mbili tu zinazoleta milipuko mikubwa. Lakini mgonjwa hangoji madoa ya manjano. Anayeharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele hutibiwa papo hapo. Majibu ya maabara ni kwa faida ya kijiji kizima.

JENI, AU URITHI WA VIUMBE

Kama aina zaidi ya 200 zinafanana umbo, ni kitu gani kinachoifanya moja iue na nyingine isiue? Jibu limo katika jeni.

Kila kiumbe hubeba ndani ya seli zake maagizo ya namna ya kujijenga na kufanya kazi. Maagizo hayo yameandikwa katika uzi mwembamba sana, na kila fungu la uzi lenye agizo moja huitwa jeni. Mkulima wa kahawa ameziona jeni zikifanya kazi shambani mwake. Miche chotara ambayo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania ilianza kuitoa kwa wakulima mwaka 2005, na ambayo wenyeji wa Mbinga wameifahamu kwa njia ya kituo cha Ugano, haishikwi kwa urahisi na chulebuni wala na kutu ya majani. Mkahawa wa zamani ulio jirani, katika udongo ule ule na mvua ile ile, hushikwa. Tofauti yao ni jeni walizorithi. Tena miche hiyo huzalishwa kwa vikonyo, kwa kuwa mbegu za chotara huchanganya upya jeni za wazazi, na watoto wengine wangeweza kukosa kinga. Kikonyo ni nakala ya mama yake. (Isisahauliwe kwamba chulebuni na kutu ni kazi ya kuvu, si bakteria, dawa ya moja haimfai mwingine.)

Bakteria anapojigawa hufanya kama kikonyo: kila mtoto hupata nakala ya maagizo ya mama. Bakteria wa kipindupindu ana jeni zipatazo 3,900, na uzi wake wote ulisomwa na wataalamu mwaka 2000. Lakini bakteria wana desturi moja ambayo mkahawa hauna. Wanaweza kupeana jeni wakiwa wangali hai, hata kama si mama na mtoto. Ni kana kwamba mkahawa wa zamani ungeliegemea tawi la mkahawa chotara na kuamka asubuhi ukiwa na kinga yake. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha nchini Marekani kwamba jeni ya sumu ya kipindupindu haikuwa mali ya bakteria tangu asili. Huletwa na kirusi kidogo kinachomwingia bakteria na kujishona katika uzi wake. Bakteria wa majini asiye na jeni hiyo hana uwezo wa kumkausha mtu.

Desturi hii ya kupeana jeni ilileta hasara nchini petu, na habari yake yastahili kujulikana katika kila chama. Mlipuko mkubwa ulianza Tanzania mwaka 1977. Dawa ya tetrasaikilini ilikuwa ikiua bakteria wote waliopimwa katika mwezi wa kwanza. Ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na pia kwa watu wazima wa afya ili kuwakinga. Baada ya miezi mitano tu, bakteria 76 katika kila 100 waliopimwa walikuwa hawaogopi tena dawa hiyo. Matokeo hayo yaliandikwa na Profesa Fred Mhalu wa Muhimbili na wenzake katika jarida la Lancet mwaka 1979, nayo yamekuwa fundisho linalotajwa duniani kote. Jeni za kinga dhidi ya dawa zilikuwa zimebebwa katika vipande vidogo vya uzi, vya duara, ambavyo bakteria hupitishiana. Kipande kimoja chaweza kubeba kinga dhidi ya dawa kadhaa kwa pamoja, hata bakteria aliyepambana na dawa moja akajikuta ameokoka na nyingine ambazo hajakutana nazo.

Nia ya waliogawa vidonge ilikuwa njema. Lakini dawa inapotiwa katika miili ya watu maelfu wasiougua, huwaua bakteria dhaifu na kuwaachia shamba wale wachache wenye kinga, nao huongezeka kwa hesabu ile ya dakika 20. Siku hizi dawa za kuua bakteria huandikwa na mganga kwa mgonjwa aliyezidiwa, na hata kwake huja baada ya tiba yenyewe. Tiba yenyewe ni maji.

MAJI YA MWILI

Sehemu kama 60 katika kila 100 za uzito wa mtu mzima ni maji. Mwanamume wa kilo 60 amebeba lita 36 hivi. Kati ya hizo, lita 24 zimo ndani ya seli zake, na 12 zimo nje ya seli, zikizizunguka. Katika hizo 12, kiasi cha lita tatu tu ndizo maji ya damu. Mtoto mchanga ana maji zaidi kwa uzito wake, kama robo tatu, lakini akiba yake kwa jumla ni ndogo, na ndiyo maana hukauka upesi.

Maji hayo si maji matupu. Yana chumvi, na chumvi zake zimepangwa: ile ya sodiamu, ambayo ndiyo kiini cha chumvi ya mezani, imejaa zaidi nje ya seli, ya potasiamu imejaa zaidi ndani. Jasho, machozi na damu vina ladha ya chumvi kwa sababu vyote ni matawi ya maji hayo ya nje. Kanuni moja itoshe kwa somo hili: chumvi inakokwenda, maji hufuata.

Bakteria wa kipindupindu anaitumia kanuni hiyo vibaya. Akishapita tumboni, ambako uchachu huua wenzake wengi, hujishikiza katika ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu. Yeye haingii katika damu wala haukati utumbo. Sumu yake huingia katika seli za utumbo na kukwamisha swichi moja inayotawala utokaji wa chumvi, kama bomba ambalo mpini wake umekwama likiwa wazi. Chumvi humwagika utumboni, maji huifuata, na mgonjwa huharisha na kutapika maji. Aliyeshikwa vikali huweza kupoteza lita moja kwa saa. Macho huzama, kinywa hukauka, ngozi ya tumbo ikifinywa hubaki imesimama, misuli ya miguu hukaza kwa maumivu kwa sababu chumvi zake zimepungua, mkojo hukoma. Damu huwa nzito na kidogo, mapigo hayasikiki katika kifundo cha mkono, na mtu aliyekuwa akivuta nyavu asubuhi aweza kuwa maiti kabla ya jua kutua.

Hata hivyo utumbo haujaharibika. Na katika ukuta wake upo mlango wa pili ambao sumu haiugusi. Robert Crane alieleza habari za mlango huo mwaka 1960: hufunguka pale sukari na chumvi zinapofika kwa pamoja, nao huziingiza mwilini zote mbili, na maji hufuata nyuma. Maji matupu hayaufungui ipasavyo. Chumvi peke yake haiufungui. Katika ujuzi huo mdogo ndimo ilimozaliwa dawa ya chumvichumvi. David Nalin na Richard Cash waliithibitisha kwa wagonjwa wa kipindupindu huko Dhaka mwaka 1968. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, dripu zilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis alikoroga chumvi na sukari katika mapipa na kuwaachia jamaa za wagonjwa wanyweshe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya vinne.

Tofauti imeonekana hapa nchini pia. Mwaka 1997 Tanzania iliandika wagonjwa 40,249 na vifo 2,231, yaani kila wagonjwa 18 alikufa mmoja. Katika mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015, ambao ulifika mikoa yote 26 ya Bara, waliandikwa wagonjwa 33,421 na vifo 542 hadi mwanzoni mwa Januari 2018. Mmoja katika kila 62. Mahali penye matibabu ya haraka hafi hata mmoja katika 100.

Kinachokwamisha tiba hii vijijini ni jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Dawa ya chumvichumvi haizuii kuharisha. Mgonjwa anayeinywa huendelea kuharisha kwa siku mbili au tatu, hadi bakteria watakapopungua na seli mpya za utumbo kuchukua nafasi ya zile zilizokwama. Mzazi anayeona mtoto akitoa zaidi kila anapokunywa huweka kikombe chini akidhani anamdhuru, na wazee wengine humshauri hivyo. Ushauri huo umeua. Kinachotazamwa ni kama macho yanarudi mahali pake na mkojo unatoka. Akitapika, angojwe dakika kumi, kisha aendelee kwa kijiko. Mtoto wa ziwa asinyimwe ziwa.

Pakiti moja hukorogwa katika lita moja ya maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, wala isigawanywe kwa makisio. Pakiti ikikosekana, ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita hiyo hiyo. Ikionjwa isizidi chumvi ya machozi. Soda na maji ya matunda yenye sukari nyingi hayafai, kwa kuwa sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuyarudisha utumboni. Asiyeweza kunywa, aliyelegea kabisa au kupoteza fahamu, ni wa dripu, na apelekwe hospitali akinyweshwa njiani kama bado anameza.

Vyama vya ufukweni vinavyopanga kuweka pakiti ghalani vinaweza kufanya hesabu hivi. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeanza kukauka huhitaji lita nne na nusu katika saa nne za kwanza, yaani pakiti tano, na baada ya hapo kikombe kimoja au viwili kila anapoharisha. Kwa kijiji ambacho mtumbwi huchukua nusu ya siku kufika penye hospitali, pakiti kumi kwa mgonjwa mmoja si nyingi. Zihifadhiwe pakavu, pamoja na chupa ya lita moja yenye alama. Na dawa iliyokwisha kukorogwa ifunikwe; zikipita saa 24 imwagwe na ikorogwe nyingine, kwa maana sukari iliyomo ni chakula cha bakteria kama ulivyo utelezi wa kahawa tangini.